Taa za Chumba cha Mashati

"Ongeza grisi," mwongozaji alisema. "Hapo shavuni. Panda juu kidogo. Nataka aonekane kama ametolewa ndani ya injini."

Mpambaji akachovya vidole viwili kwenye kopo na kumpaka mama yule kutoka chini ya jicho hadi kidevuni. Mama alikuwa na miaka sitini na tatu, ameketi wima mbele ya cherehani isiyo na sindano, mikono ameilaza mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa zahanati. Katika ghala lile lenye watu ishirini na ushee, alikuwa akimtazama mmoja tu: mdogo wake wa kiume, fundi taa, aliyekuwa juu ya ngazi akibana karatasi nyekundu mbele ya taa kubwa.

Fundi taa akajifanya kibanio kinamsumbua.

Watu wa kazi hizi walimwita Mzee Volti. Alikuwa amevuka hamsini, mikono imejaa makovu madogo ya kuungua, na elimu yake yote ya taa aliipata juu ya ngazi. Alijua kwamba taa ikimpiga mtu kutoka chini inamfanya mzimu, ikitoka nyuma inamfanya malaika, ikitoka ubavuni inamfanya mtu mwenye siri. Hakufundishwa na yeyote. Aliyaona mwenyewe, harusi baada ya harusi, tangazo la sabuni baada ya tangazo la sabuni, na kadiri alivyozidi kuona ndivyo alivyozidi kukasirika, maana aligundua kwamba picha inaweza kumsema mtu vibaya bila kufungua mdomo.

Na dada yake alishasemwa vibaya na picha. Miaka ishirini na sita ilikuwa imepita, lakini yeye hakuwa mtu wa kusahau.

Kiwanda alichofanyia kazi dada yake kilikuwa cha mashati meupe. Chumba cha kushonea kilikuwa na wanawake arobaini na mmoja, na vioo vya madirisha vilipakwa rangi ili mtu asipoteze muda kuangalia nje. Juu kulikuwa na taa za mirija, safu sita, zikiwaka kutwa nzima. Choki zake, vile vidude vya kutuliza umeme wa mirija, zilikuwa mbovu. Mwanga ulitetemeka, kidogo tu, kiasi cha mtu kutojua kama kinachotetemeka ni taa au ni kichwa chake. Wanawake wakaanza kuumwa vichwa. Waliona sindano mbili palipo na moja, wakajichoma vidole. Walipoomba choki zibadilishwe waliambiwa wawe wanakunywa chai nzito kabla ya kuja kazini. Basi asubuhi moja wakaingia kama kawaida, aproni zimepigwa pasi, vitambaa kichwani, kila mmoja akakaa kwenye mashine yake na kuweka viganja juu ya nguo. Hawakushona. Hawakuimba, hawakutukana, hawakuvunja kitu. Siku mbili hivyo hivyo. Siku ya tatu walinzi wakawakokota hadi getini, na nje ya geti alikuwapo mpiga picha, amepangwa mapema.

Gazeti lilitoa picha moja. Dada wa fundi yuko katikati, kitambaa kimemvuka kichwani, aproni imechanika begani, mdomo wazi. Mpiga picha alikuwa amepanda juu ya gari, kwa hiyo wale wanawake wanaonekana chini kabisa, kama kitu kilichomwagika. Maneno yaliyoandikwa hapo chini yalikuwa mawili: wafanya fujo.

Tangu hapo mama yule hakupigwa picha tena. Kwenye harusi ya mwanawe mwenyewe alisimama nyuma ya nguzo.

Kuna jambo jingine, na hili fundi hakulisema kwa mtu. Wakati ule yeye alikuwa msaidizi wa fundi umeme pale pale kiwandani. Choki mbovu alizijua moja moja. Aliripoti, akaambiwa afunge mdomo, akafunga. Dada yake alipotupwa nje, yeye alibaki kazini miezi saba. Dada hakumuuliza kwa nini, na kutoulizwa huko kulimkaa kooni miaka yote kama mwiba wa samaki.

Kwa hiyo bendi moja ya roki ilipotunga wimbo kuhusu wanawake wale, na mwimbaji wake, binti aliyenyoa kichwa, akaja kuomba wale walio hai waonekane kwenye video, fundi ndiye aliyembembeleza dada yake. Dada alikataa mara tatu. Mara ya nne fundi alimwambia, "Dada, safari hii utaonekana ulivyokuwa. Mwenye taa ni mimi."

Mwenye taa ni mimi. Maneno makubwa kwa mtu anayekaa juu ya ngazi.

"Mzee Volti! Nyekundu iko tayari?"

"Iko tayari."

"Moshi!"

Mashine ya moshi ikakohoa, ikatema. Ghala likajaa ukungu mwekundu. Wanamuziki wanne wakapanda jukwaani, na mpiga kamera akalala chali sakafuni ili awachukue kutoka chini, wakawa majitu yanayogusa dari. Kisha mwongozaji akageuka kwa wanawake, sita wa kiwanda kile na wasichana kadhaa wa kukodi, wote wamepakwa grisi.

"Hawa wachukue kutoka juu," alisema. "Panda ngazi. Juu zaidi."

Fundi alishuka kumpisha mpiga kamera ngazi. Alipofika chini akaona kitu kilichobandikwa kwenye ubao wa mwongozaji, katikati ya michoro yake. Ilikuwa ni picha ile ya gazeti. Imekuzwa, imezungushiwa wino, na mshale umeandikwa: *hii ndiyo hali tunayotaka*.

Akasimama pale kama aliyepigwa na umeme wa kweli.

"Bosi," alisema. "Hii umeitoa wapi?"

"Mtandaoni. Ina nguvu, eh? Hasira tupu. Huyo mama wa katikati, mdomo ule! Ningempata huyo ningekuwa nimemaliza kazi."

"Umempata. Umempaka grisi sasa hivi."

Mwongozaji akageuka kumtazama mama, akageuka kuitazama picha, uso ukachanua. "Wewe! Ni yeye? Mzee wangu, mbona hukusema?"

"Nasema sasa. Hawakuwa hivi. Hii ilipigwa baada ya kukokotwa. Mle ndani walikuwa safi kuliko mimi na wewe. Ni mashati meupe, bosi, mtu mwenye grisi angeishonaje kola?"

"Mzee, nakuelewa. Lakini hii ni roki. Roki ni giza, ni moto, ni jasho. Mtu yuko na simu mkononi, ana sekunde tatu kabla hajasogeza kidole. Nikimwonyesha mama amekaa kimya chumba cheupe, atadhani ni tangazo la benki."

"Kule hakukuwa na giza. Laiti kungekuwa na giza! Walikuwa wanalia na mwanga. Ulikuwa haumwachii mtu hata kivuli cha kupumzishia macho. Wewe unawawekea moto, wakati waliteswa na weupe."

"Maneno mazuri hayo," mwongozaji alisema, na kwa kweli alimaanisha, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mwenye haraka, na haraka ikimkuta mtu mwenye macho mazuri inamharibu zaidi kuliko upofu. "Andika kitabu, mzee. Mimi niachie picha. Moshi!"

Moshi ukaja mzito kuliko mwanzo. Muziki ukafyatuka, gitaa likalia, na mama katikati ya ukungu akaanza kukohoa. Alikohoa akiwa ameinama, akainuka, mdomo wazi, macho yamefumbwa, machozi yakichora njia kwenye grisi.

"Endelea!" mwongozaji akapiga kelele kwa furaha. "Hivyo hivyo, mama! Usikate, usikate!"

Fundi alikuwa na swichi kuu mkononi. Kidole kimoja tu kingetosha, ghala lote lingezimika. Hakubonyeza. Alijiambia kwamba kuzima taa katikati ya kazi ni kosa ambalo fundi hasamehewi, na hilo lilikuwa kweli. Miaka ishirini na sita nyuma pia alijiambia mambo ya kweli.

Ilipokatwa, dada yake alijifuta kwa ncha ya kitenge na kuja hadi kwenye ngazi.

"Mdogo wangu."

"Dada."

"Wewe ndiye mwenye taa?"

Fundi alianza kukunja waya uliokuwa miguuni.

"Naomba maji," mama akasema, akaenda zake kukaa.

Walipovunja gitaa, maana hakuna video ya roki isiyovunjwa gitaa, ikawa saa ya chakula. Mwongozaji na wenzake wakatoka nje. Fundi akabandua ile picha ya gazeti ubaoni na kuichana vipande vinne. Haikumsaidia chochote. Picha iliyomo kwenye simu ya mtu haichaniki.

Binti mwimbaji alimkuta ameshika vile vipande.

"Umechana referensi ya mwongozaji, picha yake ya kuigia," alisema.

"Basi nishitaki."

"Mama yangu naye yumo humo. Huyu, mkono tu ndio unaonekana." Binti alichukua kipande kimoja, akakitazama kwa muda. Mama yake alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. "Alikuwa ananiambia kuhusu taa. Akirudi nyumbani alikuwa anazima zote, anakaa gizani na kitambaa kibichi usoni. Niliimba hilo kwenye ubeti wa pili. Leo naangalia kote, huo ubeti siuoni."

"Kwenye gari langu nina mirija kumi na miwili," fundi alisema. "Na fremu zake."

Binti akageuka kutazama mlango.

"Tuna dakika ngapi?"

"Mwongozaji anakula taratibu. Nusu saa."

"Basi fanya, mzee. Nikigombezwa nitagombezwa mimi. Mpiga kamera yuko wapi? Wewe! Kaka! Acha soda, njoo!"

Fundi alifunga mirija kumi na miwili kwa dakika kumi na saba. Hakuwahi kufanya kazi kwa kasi ile tangu azaliwe. Alipanda, akashuka, akachomeka, akavuta waya kwa meno. Wanawake waliosha nyuso bombani, wakasuguana migongo ya masikio kama wasichana wa bweni. Mmoja aliyekuwa na meno machache alisema, "Ona, mimi chini ya grisi kumbe bado mzuri," na wengine wakamwambia ajipake tena. Wale sita wa kiwandani walikuwa wamekuja na aproni nyeupe kwenye mifuko, kila mmoja kwa siri yake, wakidhani ni yeye peke yake aliyeibeba. Dada wa fundi ya kwake alikuwa ameikunja kwenye gazeti. Mikunjo ya pasi ilikuwa imenyooka kama mstari wa rula.

Akawasha. Mwanga ukashuka mweupe, sawasawa, bila huruma. Vivuli vikakimbia. Mmoja wa akina mama akasema taratibu, "Mungu wangu," akakaa kwenye cherehani yake bila kuelekezwa na mtu.

Mpiga kamera hakupanda ngazi. Fundi alimwonyesha pa kusimama: usawa wa macho yao. Wanawake wakaweka viganja juu ya nguo. Binti akatembea katikati ya mashine na kuimba ubeti wa pili bila gitaa, bila ngoma, sauti imepungua hadi karibu na mazungumzo. Hakuna aliyelia. Dada wa fundi alitazama mbele, na uso wake haukuomba kitu kwa mtu yeyote. Dakika mbili na nusu. Fundi alikuwa amesimama kando ya swichi.

"Nimepata," mpiga kamera akasema.

Walikusanyika kwenye skrini kubwa kuangalia marudio. Picha ikaanza.

Mistari. Mistari mipana, myeusi, ya kulala, ikitiririka kutoka juu hadi chini juu ya kila kitu, juu ya aproni, juu ya nyuso, mmoja ukipita mwingine unafuata. Wanawake walikuwa nyuma ya mistari ile kama watu walio nyuma ya nondo zinazotembea.

"Kasi," mpiga kamera alisema, amejishika kichwa. "Nimesahau kasi. Bado iko kwenye ya kuvunjia gitaa."

Gitaa lilipovunjwa, kamera ilikuwa imepangwa kufumba na kufumbua kwa kasi kubwa sana, ili kila kibanzi kionekane kikiruka. Kwa kasi hiyo kamera huona kile ambacho jicho halioni: mirija haiwaki mfululizo, inawaka na kuzima mara mia kwa sekunde. Kila fundi taa duniani akifunga mirija, kabla hajachomeka hata waya mmoja, huuliza swali moja: kamera iko kasi gani? Mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua. Mzee Volti mwenyewe alishawafukuza watu wawili kwa kutouliza. Na siku pekee aliyofanya kazi kwa ajili ya mtu wake, hakuuliza.

"Mimi," alisema. "Ni mimi. Nilipaswa kuuliza. Tunarudia, kaeni, tunarudia..."

"Nini kinarudiwa?" Mwongozaji alikuwa mlangoni, anajifuta mikono.

Akaja hadi kwenye skrini. Fundi alisubiri ukelele, na kwa kweli aliutaka, ungemfaa.

Lakini dada ndiye aliyezungumza kwanza. Alikuwa amesogea karibu sana na skrini. "Ndivyo tulivyokuwa tunaona," alisema. "Hivi hasa. Hizo nyeusi zilikuwa zinapita hivi, nikifumba macho naziona bado. Wewe mwanangu, mama yako alikuwa anasema kuna mtu anapunga shuka mbele ya taa. Unakumbuka?"

Binti aliitikia kwa kichwa.

Kwa muda mfupi fundi aliamini kwamba mkosi umegeuka. Alimgeukia mwongozaji. "Umesikia? Hiyo ndiyo picha yenyewe, bosi. Iache kama ilivyo. Ubeti wote wa pili, hii peke yake. Mtazamaji ataumwa kichwa, na ndicho kinachotakiwa."

Mwongozaji alikuwa anatabasamu, macho yanang'aa. "Mzee Volti, wewe ni hatari. Hii kitu ni kali! Hii mistari... Ngoja. Sikilizeni wote! Hii mistari tunaiweka kila mahali. Kwenye ngoma, kwenye gitaa linapovunjika, kwenye ile pikipiki tutakayopiga kesho, mwanzo mwisho. Ndiyo itakuwa sura ya video."

"Kwenye pikipiki?"

"Kila mahali!"

"Bosi, ikiwa kila mahali haisemi kitu. Hiyo ni ya mle chumbani. Ni ya kwao."

"Ndiyo maana ni nzuri, mzee. Nimeipenda."

Alikuwa ameipenda kweli. Hapo ndipo palipouma. Fundi alishazoea watu wanaokataa unachowapa. Hakujua afanye nini na mtu anayekipokea kwa mikono miwili na kwenda kukipaka ukutani. Alibishana hadi jioni inaanza kuingia, alibishana anakunja nyaya, alibishana huku binti akiwa upande wake, na binti alipiga meza kwelikweli hadi akaahidiwa kwamba wanawake "watabaki."

Wakabaki. Sekunde nne.

Video ilitoka wiki ya tatu baada ya hapo. Fundi aliipeleka kwa dada yake mchana, ndani ya simu, kama mtu anayepeleka matokeo ya hospitali. Walikaa jikoni, dirisha wazi. Pikipiki ikapita na mistari. Gitaa likavunjika na mistari. Majitu manne yakaruka, na mistari. Kisha wekundu ukajaa, na katikati yake mwanamke mwenye grisi, taratibu, taratibu sana, akafungua mdomo na kuutikisa ulimwengu kwa ukelele ambao gitaa lilimtolea.

"Huyu nani anayepiga kelele hivi?" dada aliuliza.

"Ni wewe."

"Mimi?"

"Ulikuwa unakohoa. Wameipunguza kasi."

Dada alitazama hadi ikaisha. "Watu wamesemaje?"

"Wanasema ina nguvu."

"Mm."

Fundi aliweka simu mezani kifudifudi. "Dada, nilikuahidi nikashindwa. Na wakati ule nilibaki miezi saba. Nilipanda ngazi kila siku mle mle chumbani, mashine zenu zimekaliwa na wengine. Hujawahi kuniuliza."

"Ningekuuliza nini? Nilikuwa nakuona asubuhi ukipita na kiboksi chako cha spana, unajificha upande ule wa barabara. Mtu anayejificha ameshajijibu." Alivuta simu kwake, akaigeuza. "Rudisha pale penye chumba."

"Ni sekunde nne tu, dada."

"Rudisha."

Akarudisha. Zikapita nne, huoni chochote ila weupe na weusi vinakimbizana. Akamwonyesha jinsi ya kusimamisha, na jinsi ya kusogeza picha moja moja kwa ncha ya kidole, bila haraka. Dada alivaa miwani. Picha ya kwanza, mstari mweusi ulikuwa umemkata yeye mwenyewe machoni. Akasogeza. Mstari ukashuka puani. Pembeni yake, yule mwenye meno machache alitokea uso mzima, safi, kitambaa kimefungwa vizuri.

"Huyu hapa," dada alisema. "Mashine ya tisa."

Akasogeza. Alikuwa ameinama mezani, kucha ya kidole imegusa kioo kama anayetafuta tundu la sindano, na fundi aliyezoea kuwasogezea watu taa aliegemea kando ili asimzibie dirisha. Mstari ulikuwa umefika kwenye kola yake, uso mzima umebaki juu. Dada akasogeza tena, nao ukashuka kidogo.